Mzazi wa Kadi Namba Sita

Kazi ya rafiki yangu ilikuwa kukasirika. Alikasirika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi, na siku zilizobaki alipiga deki. Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mkuu wa chuo alimwita Mzazi, mpishi alimwita Mzazi, na wanachuo waliokuja na kuondoka kwa miaka kumi na moja walimwita Mzazi, utadhani sisi wengine wote tulikuwa tasa.

Afadhali nieleze vizuri, maana mgeni anaweza kudhani namtania mwenzangu. Chuo chetu ni cha ualimu, nami ni mpiga chapa wake, mwanamke wa meza ya koridoni ambaye watu humtupia karatasi bila kumsalimia. Kabla wanachuo hawajapelekwa kwenye shule za kweli, hufanya mazoezi ya kuigiza katika Chumba Namba Nne. Mmoja anakuwa mwalimu, wenzake wanakuwa watoto wa darasa la tatu. Huyu anapiga kelele, yule anasinzia, na mwingine na ndevu zake ananyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Mkufunzi wa somo hilo hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia, ila alikuwa na usemi mmoja ambao ulituchosha masikio: "Rubani haanzi kujifunza angani." Aliusema kila wiki, mtu ambaye nadhani ndege ya karibu aliyowahi kuiona ilikuwa ya kwenye kalenda.

Zoezi lililomshinda lilikuwa la mzazi anayekuja shuleni kulalamika. Wanachuo wakiigiza wazazi walicheka tu. Binti wa miaka ishirini anashika kiuno, anasema "Mwalimu, mwanangu!", chumba kizima kinaangua kicheko, na Mkufunzi anabaki akifuta miwani isiyo na vumbi. Siku moja, kwa kukata tamaa, alifungua mlango akamwona mwanamke anapiga deki.

"Mama, una watoto?"

"Ninao."

"Umewahi kuitwa shuleni?"

"Sema ni lini sijaitwa!"

"Basi njoo ukae hapa. Huyu kijana ni mwalimu wa mwanao. Kampiga mwanao sikioni, sasa mtoto hasikii vizuri. Mwambie."

Akaacha ndoo mlangoni, akakaa. Mikono ilikuwa bado inatiririka maji ya sabuni. Akamtazama yule kijana, jitu refu lenye sauti ya kuamrisha, na hakupiga kelele hata kidogo. "Mwalimu," alisema, "mimi nilikuletea mtoto mwenye masikio mawili. Leo nimekuja kulidai la pili." Kijana akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kulia mbele ya wenzake. Hakuna aliyecheka siku hiyo, na mimi kwenye meza yangu nilisimamisha vidole. Ndivyo alivyopata kazi.

Miezi ya mwanzo alikuwa anakasirika kadiri alivyoona inafaa. Mwanachuo angeweza kukaa naye nusu saa, anatoka jasho, na bado Mzazi hajaridhika, kwa sababu hajaambiwa mtoto wake atafanyiwa nini. Mkufunzi akaanza kutazama ratiba.

"Mzazi, nina wanachuo sitini," akamwambia. "Ukimkasirikia kila mmoja nusu saa, muhula utaisha na hasira zako hazijaisha."

Tulicheka wote, na yeye alicheka kutuzidi. Basi ikaamuliwa kila mwanachuo apewe dakika nane, na ili mambo yaende sawa zikatungwa kadi. Kadi zilikuwa saba. Mimi ndiye niliyezichapa, na kwa kuwa nina saa ya mkononi na mdomo mzito, nikapewa pia kazi ya kukaa pembeni na kupima dakika.

Kadi Namba Sita ilihusu mtoto anayelazimishwa kurudia darasa. Upande wa mwalimu iliagiza: ondoka nyuma ya meza, kaa upande mmoja na mzazi, usimkatize, rudia maneno yake ili ajue amesikiwa, mshukuru kwa kuja. Upande wa mzazi iliandikwa hivi: anaingia kwa hasira, mwalimu akirudia maneno yake mara ya tatu, anashusha sauti, mwalimu akishukuru, anasema "Sawa mwalimu, nimekuelewa," anasimama, anatoa mkono. Niliichapa nakala tatu. Nilipoisoma tena kutafuta makosa, sikuona mahali palipoelekeza mwalimu afanye nini kuhusu mtoto. Nikaenda kumwuliza Mkufunzi.

"Hilo ni zoezi jingine," akasema.

Zoezi hilo jingine sijawahi kuletewa nilichape.

Mzazi aliizoea kazi. Alikuwa fundi, jamani, tusimnyime haki yake. Angeingia na macho mekundu, akarusha mkoba juu ya kiti, na mwanachuo aliyekuwa anatabasamu akapoteza tabasamu. Halafu maneno yanarudiwa mara moja, mara mbili, na mara ya tatu mabega yake yanashuka, pumzi inatoka, sauti inalainika. Hakuhitaji tena kuhesabu. Mwili wenyewe ulihesabu, kama vile mguu unavyojua ngazi za nyumbani gizani. Mwaka wa tano aliniambia amesahau kama kadi zilikuwa na maandishi upande wa pili.

Mwanachuo mmoja tu ndiye aliyetusumbua, na ndiye wa kisa hiki. Wenzake walimpachika jina la Ahadi. Zoezi lake la kwanza alipewa Kadi Namba Sita. Alimsikiliza Mzazi, akashika kichwa, halafu akainuka. "Mama, hili ni kosa," akasema. "Twende kwa mwalimu mkuu sasa hivi. Nitasimama na wewe mpaka jina la mtoto lirudi kwenye orodha ya wanaopanda darasa." Akafungua mlango kweli, akatoka. Nje hakukuwa na mwalimu mkuu yeyote, kulikuwa na korido na meza yangu tupu. Akabaki amesimama pale kama mtu aliyeshuka kituo sicho, huku ndani watu wanashika mbavu. Mkufunzi akaandika: *Anaahidi yasiyo katika mamlaka yake. Ametoka nje ya zoezi.* Akampa kumi na moja kati ya thelathini.

Mara ya pili akafanya yaleyale. Akikosea mara ya tatu, atarudia mwaka mzima. Mzazi akamwonea huruma. Alikuwa na moyo wa kuchukua vifaranga vya watu. Akamngojea karibu na meza yangu, nami nilisikia kila neno.

"Mwanangu, kwa nini unajiumiza?"

"Mzazi, wewe ukilia mimi siwezi kukaa tu."

"Nani kakwambia nalia? Naigiza. Sasa sikiliza. Usinisaidie. Rudia maneno yangu tu, mara tatu, unishukuru. Nitatulia mwenyewe, mimi nimezoea."

"Na mtoto je?"

"Mtoto yupi? Hakuna mtoto."

Mara ya tatu alipata ishirini na nane. Alikuja kumshukuru Mzazi kwa mikono miwili, na Mzazi kwa wiki nzima alivimba kichwa. "Yule nimempitisha mimi," alimwambia kila aliyesimama, hata mpishi ambaye hakuuliza. Hayo yalikuwa miaka sita iliyopita.

Nyumbani Mzazi alikuwa na mjukuu wa kike. Mama wa mtoto alimwacha akiwa na miaka miwili akaenda kutafuta maisha, na maisha hayo mpaka leo anayatafuta. Bibi na mjukuu waliishi chumba cha pili kutoka kwangu, nyumba ya uani, mlango wa kijani uliobambuka. Bibi alimwita mtoto "mwenzangu". Watoto wa mtaani walimwita Redio Mbovu, kwa sababu ana kigugumizi. Neno lingeweza kukwama kooni mpaka mshipa wa shingo usimame. Watu wote, na mimi nimo, tulikuwa na tabia ya kummalizia. Akianza "na-na-na" tunasema "unataka maji?", naye anakubali maji asiyoyataka ili yaishe. Bibi yake peke yake ndiye aliyengoja. Angeweza kuacha mwiko hewani, chakula kinaungua, akangoja neno lifike.

Kigugumizi hicho kilimrudisha darasa mara mbili. Akiandika anajua, ila walimu walipenda kuuliza kwa mdomo, na kwa mdomo alionekana mjinga. Sasa alikuwa darasa la mwisho, miaka kumi na tano, mrefu kuliko ubao. Shule ilijiwekea kiwango chake: atakayepungukiwa katika mtihani wa majaribio hataandikishwa kwenye mtihani wa mwisho, asije akawaharibia wastani. Mtihani huo ulikuwa na sehemu ya kusoma kwa sauti huku unapimiwa dakika. Mtoto alipungukiwa alama mbili. Na akikosa mwaka huu basi, kwa sababu mwakani atakuwa na miaka kumi na sita na shule haimpokei mtu wa umri huo. Mjomba wake alishatuma habari kwamba kuna ghala la nafaka linatafuta wasichana wa kuchambua.

Barua ililetwa Jumatano: mzazi afike kesho saa nne, ofisi ya mwalimu wa malezi. Orodha ya watahiniwa, tuliambiwa, itapelekwa Ijumaa. Kwa hiyo ilikuwepo siku moja, na jina moja la kuandikwa. Mzazi aliniomba nimsindikize. "Wewe ni mtu wa ofisi," alisema, "wakikuona watadhani unaandika."

Tulitokea kazini moja kwa moja. Njiani alikuwa anatembea haraka hata nikamwomba apunguze. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kufunika, vile vya Chumba Namba Nne.

"Leo sina kadi," akaniambia. "Leo nitakasirika bila kupimiwa saa. Watanijua."

Nilimwamini. Nani asingemwamini? Kama kuna mtu mjini aliyejua kuzungumza na mwalimu, ni yule.

Ofisi ya malezi ilikuwa chumba kidogo kati ya stoo na vyoo vya walimu. Kulikuwa na madaftari yamepangwa mpaka dirishani, boksi la chaki, na meza yenye mguu mmoja uliotiwa kipande cha mbao. Nyuma ya meza alikuwepo Ahadi. Amenenepa kidogo, ana miwani, lakini ni yeye.

"Shikamoo, Mzazi!" Aliinuka, uso umefunguka kwa furaha ya kweli.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe!"

Akazunguka meza, akavuta kiti, akakaa upande wetu. Mzazi akanifinya mkono. "Huyu wangu," akaninong'oneza. Moyo wangu nao ukatua. Nilisema, leo Mungu katuona.

Mzazi akaanza. Nimemsikia mara elfu, sikuwahi kumsikia vile.

"Mwalimu, mjukuu wangu anajua. Hawezi kusema haraka, lakini anajua. Mlimpa kitabu asome mkamwekea saa. Mtoto mwenye kigugumizi unamwekea saa? Ukimvua mtu viatu ukamwambia akimbie kwenye miiba, halafu useme hana mbio?"

Ahadi aliitikia kwa kichwa polepole. "Nakusikia, Mzazi. Unasema mjukuu wako anajua, ila aliwekewa saa na hiyo haikuwa haki kwake."

"Ndiyo! Na ni alama mbili. Mbili! Mwakani umri umempita, hakuna mwakani kwake. Mkimwacha sasa ndiyo mmemwacha moja kwa moja."

"Unasema ni alama mbili tu, na kwamba kwake hakuna mwakani."

"Sasa nakuomba." Sauti ilitetemeka, na haikuwa ya kuigiza, naijua ya kuigiza. "Andika jina lake, baba. Mimi nitakaa naye kila jioni. Atashinda, sijui nikuambieje ujue kwamba atashinda."

"Unachoomba ni jina lake liandikwe," alisema Ahadi, taratibu, macho yake machoni mwa Mzazi, "na uko tayari kukaa naye kila jioni."

Nikaona mabega yanashuka. Niliyaona mimi, kwa macho yangu haya. Pumzi ikatoka.

"Mzazi, nakushukuru sana kwa kuja," akasema Ahadi. "Wazazi wengi hawaji."

"Sawa mwalimu," akasema rafiki yangu. "Nimekuelewa."

Akasimama, akatoa mkono. Ahadi akaupokea kwa mikono miwili, halafu akamsogezea karatasi, akaweka kidole mahali pa kutia sahihi. Akatia. Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natazama saa. Zilikuwa dakika saba. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba amemaliza ndani ya muda.

Tulikuwa tumeshavuka geti, tunafuata ukuta wa shule, aliposimama ghafla.

"Amesema ataandika?"

Nilifikiri. "Hakusema."

"Mimi nimesema nini?"

"Umesema umemwelewa."

"Nimemwelewa nini?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia kitu, na si uongo sana. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kitu kuhusu yule aliyekuwa anashika taa kisima kinapochimbwa. Aligeuka akaanza kurudi, karibu anakimbia, viatu vile vikigonga lami.

Tulimkuta Ahadi kwenye mlango wa darasa na chaki mkononi. Mzazi alimshika mkono wa shati mbele ya watoto.

"Mwanangu, ile karatasi niliyotia sahihi inasema nini?"

Alitusogeza pembeni. Alikuwa na adabu mpaka dakika ya mwisho. "Inasema mzazi ameelezwa, ameelewa na ameridhia."

"Sijaridhia! Naomba niifute."

"Haifutwi, Mzazi."

"Wewe ndiye uliyefungua mlango mwaka ule. Tulikucheka. Ufungue leo. Twende kwa mwalimu mkuu, usimame na mimi kama ulivyosema."

Kwa kitambo kidogo nilidhani atakwenda, nilimwona yule kijana wa koridoni. Halafu akavua miwani akaishika.

"Nilipewa kumi na moja," akasema. "Nilipofika hapa mwalimu mkuu alisoma cheti changu, akaona ishirini na nane za mzazi, akasema basi wewe wazazi wote ni wako. Sina kalamu ya orodha, Mzazi. Sijawahi hata kuishika. Mimi nimepewa ninyi. Miaka minne hakuna mzazi aliyepiga kelele shule hii, na wanasifu."

"Orodha inakwenda kesho kweli, au inakwenda lini? Niambie hilo tu, nijue kama kuna muda."

Akamtazama. Macho yakakwepa.

"Unauliza orodha inakwenda lini," akasema.

Tulingoja. Hakuongeza kitu. Darasani watoto walishaanza kurushiana vitabu, mmoja akaita "Mwalimu!", naye akaingia akafunga mlango.

Tulipofika uani jua lilikuwa utosini. Sare ya shule ilikuwa imetundikwa kwenye kamba, imefuliwa, bado ina unyevu, blauzi na sketi na hata soksi. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa kijani, na nguo za nyumbani, anachambua mchele. Siku ya Alhamisi, saa sita mchana.

"Mbona umerudi, mwenzangu?" bibi akauliza.

Mtoto akainua uso. Neno likakwama. Mshipa ukasimama, kidevu kikatetemeka, na mimi kwa mazoea nikataka kummalizia, nikasema, "Unaumwa?" Bibi akaninyamazisha kwa mkono. Tukangoja. Sijui ilichukua muda gani, saa yangu nilishaivua nikaitia mfukoni.

"Orodha imesomwa mstarini," akasema mwishowe. "Simo."

"Imesomwa lini?"

Tena tukangoja. "Asubuhi. Saa moja na nusu."

Sisi tuliingia ofisini saa nne. Yaani wakati yule kijana anazunguka meza, anavuta kiti, anamwambia rafiki yangu "nakusikia", kila kitu kilishakwisha. Mtoto alishatembea mpaka nyumbani, alishafua, alishatundika. Tuliitwa tukakasirike mahali ambapo hakukubaki kitu cha kukasirikia. Nilitaka kutukana. Nilitafuta wa kumtukana, nikampata Ahadi, nikampata mwalimu mkuu, nikampata Mkufunzi na ndege yake, na kila nikimshika mmoja nilimwona ameshika karatasi niliyoichapa mimi.

Mzazi alikaa chini kwenye kizingiti, ubavuni mwa mjukuu wake, akatia mkono kwenye ungo. Walichambua pamoja.

"Ulimwambiaje?" mtoto akauliza. Neno lilitoka zima siku hiyo, sijui kwa nini.

"Nilimwambia unajua."

"Akasemaje?"

Bibi aliokota jiwe dogo kwenye mchele akalitupa uani.

"Alisema kwamba mimi nasema unajua."

Mtoto akatikisa kichwa kukubali, akainama akaendelea na mchele. Hakulia. Ningefurahi kama angelia. Baadaye, sare ilipokauka, aliikunja vizuri akaileta kwangu, akanionyesha kwa kidole mlango wa jirani mwenye binti wa darasa la tano. Nilielewa bila yeye kusema, na safari hii sikumngoja kwa sababu sikuweza.

Jumapili mjomba alikuja kumchukua, wakaenda ghalani.

Jumatatu nilidhani Mzazi hatakuja kazini. Alikuja saa mbili na nusu, na viatu vyake. Nilimwambia aache, aombe abaki na deki tu, nami nitamwandikia barua. "Niache nile nini?" akasema. Lilikuwa kundi jipya, wanachuo wa mwaka wa kwanza, wana daftari safi na hofu usoni. Mkufunzi aliwaeleza habari za rubani. Wa kwanza alikuwa binti mwembamba, na kadi aliyookota ilikuwa Namba Sita.

Nilikaa pembeni na saa. Mzazi akaingia, akarusha mkoba, akaanza. Binti akarudia maneno yake mara moja. Mimi moyoni nikawa namwomba Mzazi: usitulie, dada. Akarudia mara ya pili. Mwache atoe jasho, mwache asijue la kufanya, labda atainuka, labda huyu naye atafungua mlango. Usitulie. Akarudia mara ya tatu, sauti inatetemeka kwa woga, na mabega ya rafiki yangu yakashuka.

Wakati wa chai nilimfuata kule nyuma anakosuuzia ndoo.

"Nilidhani leo ungekataa," nikamwambia.

"Nilitaka," akasema. Aliinamisha ndoo, maji yakaisha yote, akaendelea kuishika vilevile. "Nimeitafuta ile hasira, dada. Tangu Alhamisi naitafuta. Haipo."

Kengele ikalia, tukarudi ndani. Siku hiyo walipita wanachuo kumi na wawili, na wote walifaulu.